Sitara ya Mzazi, Bega la Mtoto

Kando ya mto Parramatta, katika eneo la Rydalmere, magharibi ya jiji la Sydney, lipo jengo la matofali la ghorofa tatu ambalo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Western Sydney. Gavana Lachlan Macquarie aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1813, na kuanzia 1818 likawa makao ya wasichana waliohamishwa kutoka nyumba ya mayatima iliyofunguliwa mjini Sydney mwaka 1801. Liliitwa shule ya mayatima, ila wengi wa wasichana wale hawakuwa yatima. Wazazi wao walikuwa hai. Kosa la wazazi hao lilikuwa ulevi, au mwenendo ambao wakuu wa koloni hawakuuridhia, au ufukara tu. Shule ilifungwa mwaka 1886, na miaka miwili baadaye jengo lilelile likafanywa hospitali ya wendawazimu, kazi iliyoendelea humo kwa karibu karne nzima. Nyumba moja, basi, ilitumika kwa majibu mawili ya swali moja. Kwanza mtoto aliondolewa kwa mzazi, kisha mzazi akaondolewa kwa mtoto.

Si mbali kutoka hapo, kwa treni, ni Blacktown. Jina hilo lina asili yake katika Taasisi ya Wenyeji, shule iliyoanzishwa Parramatta katika zama za Macquarie huyohuyo na kuhamishiwa huko mwaka 1823, ambamo watoto wa wenyeji asilia walilelewa mbali na jamaa zao. Ilichukua hadi mwaka 1997 kwa ripoti ya taifa kueleza kinaganaga jinsi watoto wa wenyeji walivyoendelea kuporwa katika karne ya 20, na hadi tarehe 13 Februari 2008 kwa Waziri Mkuu Kevin Rudd kusimama bungeni na kuomba radhi. Mwaka uliofuata serikali iliomba radhi tena, safari hii kwa wale waliokulia katika makao ya watoto. Leo mitaa ya Blacktown na Mount Druitt ina familia kutoka Kongo, Burundi, Sudani na Kenya, na Kiswahili husikika sokoni na makanisani. Mtu aliyefika kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma hakuja na historia hiyo ya mto Parramatta. Hata hivyo, kabla hajajua njia ya kwenda benki, huwa amekwisha kuambiwa na waliomtangulia kwamba serikali ya huku huchukua watoto. Uvumi huo hauna tarehe wala majina, na umerahisisha mengi, lakini si uzushi.

Humo ndani ya uvumi ndimo anamoishi mtoto ambaye insha hii inamhusu. Achukuliwe binti wa miaka 12, wa kubuni, ila si mgeni kwa yeyote anayezifahamu nyumba hizo. Mama yake yuko siku nyingine mchangamfu kupita kiasi, siku nyingine haamki kitandani, na siku nyingine huzungumza na watu wasioonekana. Au mgonjwa ni baba, na ugonjwa wake ni chupa. Au ni mashine za kamari ambazo vilabu vya New South Wales vimekuwa navyo kihalali tangu 1956 na ambazo hula mshahara wa wiki kabla ya jua kuchwa. Binti huamsha wadogo zake, huwafungia chakula cha shule, huhesabu vidonge, huficha kadi ya benki. Huijua sauti ya funguo mlangoni na maana yake. Siri ya mtungi muulize kata, walisema wahenga, na katika nyumba hii kata ni yeye. Shuleni mwalimu akimuuliza mbona anasinzia, hujibu kwamba mdogo wake alilia usiku.

Je, uongo huo mdogo ni wema au ni kosa? Na akisema kweli, amemsaliti aliyemzaa?

Kiswahili kina neno la kuanzia swali hili ambalo lugha ya ofisi za ustawi wa jamii haina: sitara. Kanga husitiri mwili, ukuta husitiri nyumba, jirani humsitiri jirani aliyepungukiwa. Sitara si uongo. Anayemsitiri mwenzake anaijua aibu yenyewe vizuri kuliko wasengenyaji. Alichoamua ni kwamba macho ya wasiohusika hayana haki nayo. Kwa sababu hiyo sitara ni tendo la mwenye nguvu kwa aliye dhaifu. Inahitaji ujuzi, inahitaji hiari, na inahitaji mtu mwenye uwezo wa kubeba alichokiona bila kuangushwa nacho.

Methali inayolieleza hilo vizuri kuliko nyingine ni ile isemayo kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Kwa kawaida hutajwa kusifu usiri: mwosha ameona kovu, kidonda, kilema, na hatatamka. Lakini afaa atazamwe mwosha mwenyewe ni nani. Ni mtu mzima. Amefunzwa kazi hiyo na waliomtangulia. Haingii peke yake. Yupo wa kumiminia maji na wa kushika shuka. Kazi yake ina mwanzo na mwisho, na akimaliza hujitwaharisha, hurudi kwake, hula na watu. Hakuna mji wa pwani wala wa bara ambapo mtoto wa miaka 12 angefungiwa chumbani peke yake aioshe maiti ya mzazi, kisha aambiwe atunze alichokiona maisha yake yote. Watu wangeuona ukatili. Lakini binti wa Blacktown hufanya jambo linalofanana na hilo kila asubuhi, na tofauti zilizopo zinazidisha uzito: anayemsitiri yu hai, ana hasira, na anapendwa.

Hapo ndipo sitara inapogeuka kichwa chini. Aliye dhaifu anamfunika mwenye nguvu, na jamii iliyopaswa kumfunika yeye inamsifu kwa ukomavu. Wazee wa jumuiya wenye nia njema humwambia avumilie, asiiaibishe nyumba, amwombee mama. Mara nyingi neno hilo halimsitiri mama hata kidogo. Linaisitiri jumuiya, ambayo haitaki ijulikane kwamba nako kuna wagonjwa na walevi. Kuna tofauti kati ya kusitiri na kujisitiri, na ni vigumu kumsamehe mtu mzima anayejisitiri kwa kanga ya mtoto.

Tofauti ya pili ni kati ya sitara na siri. Siri huufunga mlango kwa wote, hata kwa tabibu. Sitara huchagua nani aingie. Hata mafundisho ya Kiislamu, ambayo huilinda sitara ya mwili kwa makini sana, humruhusu mgonjwa ajifunue mbele ya tabibu kwa kadiri ya haja. Kinachofunuliwa hapo hakijavunjiwa heshima. Kimepelekwa pale heshima inapoweza kurejeshwa. Kwa kipimo hicho, binti anayemnong'oneza mwalimu mmoja anayemwamini kwamba mama ni mgonjwa hajamvua mama nguo hadharani.

Lakini hoja hiyo haimalizi hofu yake, kwa kuwa hofu yake haitokani na kutoelewa maana ya sitara. Kuna radhi. Mtoto wa Kiswahili, awe amezaliwa Tanga, Uvira au Westmead, hukua akijua kwamba neno la mzazi lina uzito usiofutwa na umbali, na kwamba aliyekosa radhi hapati baraka. Mama anayemwambia bintiye katika saa ya ugonjwa kwamba akisema nje atakuwa si mwanawe tena, amemtia kifungo ambacho mshauri wa shule aliyesomea Sydney hakioni. Na hapo ndipo wasomi wa haki za mtoto na wasomi wa maadili ya Kiafrika huanza kupishana bila kusalimiana.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 kuhusu haki za mtoto hautaji wajibu wowote wa mtoto. Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, unautaja waziwazi katika ibara ya 31: mtoto ana wajibu wa kudumisha umoja wa familia, kuwaheshimu wazazi na wakubwa wakati wote, na kuwasaidia wanapohitaji. Wako wanaoisoma ibara hiyo kama hati ya kumtumikisha mtoto, na wako wanaoishangilia kama ushahidi kwamba Afrika haijauza utu wake. Pande zote mbili hulisoma kwa haraka sharti lililowekwa mwanzoni mwake, kwamba wajibu huo unafuata umri na uwezo wa mtoto, na mipaka iliyomo katika mkataba wenyewe. Sharti hilo ndilo moyo wa jambo. Kusaidia si sawa na kuwa ndiye msaada. Mtoto anayechota maji wakati wakubwa wanajenga amesaidia; mtoto aliyeachiwa paa kichwani hasaidii, amefanywa nguzo. Ibara inazungumzia wa kwanza, na imetungwa kwa kuwaza nyumba yenye shangazi, mama mdogo, babu, na jirani mwenye mamlaka ya kugombeza. Mkono mmoja haulei mwana, na kwa hakika mkono mmoja, tena mdogo, haumlei mzazi.

Mwanafalsafa wa Marekani Jane English alipouliza mwaka 1979 watoto waliokwisha kukua wana deni gani kwa wazazi wao, jibu lake lilikuwa kwamba hawana deni lolote. Wanachotenda hutokana na upendo na urafiki uliopo, na urafiki ukifa, deni halibaki. Kwa msomaji wa Kiswahili jibu hilo ni baridi. Linaisahau mimba, na linamsahau babu. Hata hivyo kuna jambo moja alilolishika sawasawa, nalo ni kwamba lugha ya deni huharibu uhusiano inapoingizwa humo, kwa kuwa deni hulipika na pendo halilipiki. Binti wa Blacktown hawahesabii wadogo zake vyakula akilipa kitu. Anampenda mama yake. Ndiyo maana mshauri anayemwambia kwa upole kwamba "hilo si jukumu lako" humjeruhi bila kujua: amemwambia kwamba miaka miwili ya kuamka alfajiri ilikuwa kosa. New South Wales ina sheria ya mwaka 2010 ya kuwatambua walezi wa wagonjwa. Neno kutambua lingefaa lianzie hapo, kwa kumwambia mtoto kwamba alichokifanya kilikuwa kazi, kilikuwa kizuri, na sasa wapo watu wazima wa kuipokea.

Je, wapo? Hapa hofu ya wazazi inastahili kusikilizwa kwa haki. Sheria ya ulinzi wa watoto ya New South Wales ya mwaka 1998 inawalazimisha walimu, wauguzi na watumishi wengine kutoa taarifa wanaposhuku mtoto yuko hatarini. Kufuatia uchunguzi ulioongozwa na jaji James Wood, kiwango kilipandishwa mwaka 2010, ili taarifa za lazima zihusu hatari ya madhara makubwa tu, kwa sababu idara ilikuwa imefurikwa na taarifa za kila aina. Sheria hiyohiyo inasema mahakama ya watoto haiwezi kuhitimisha kwamba mahitaji ya mtoto hayatatimizwa kwa sababu tu mzazi ana ulemavu au ni maskini. Mambo haya hayafiki Blacktown kwa Kiswahili. Kinachofika ni habari ya jirani aliyepoteza wanawe. Tena mabadiliko yaliyoanza kutumika mwaka 2019 yameweka muda: mahakama huangalia kama upo uwezekano wa kweli wa mtoto kurudishwa kwa mzazi ndani ya kipindi kisichozidi miezi 24. Kusudi lake si baya, maana mtoto hawezi kukaa ukumbini miaka kumi akingoja mzazi apone. Lakini uraibu haufuati kalenda ya mahakama, na kuanguka tena ni sehemu ya safari ya wengi waliopona. Mzazi anayejua kwamba saa itaanza kuhesabiwa siku akitamka neno, ana sababu ya kutolitamka. Hivyo sheria inayotaka ukweli mapema imeuwekea ukweli bei, na bei hiyo hulipwa kwanza na mtoto anayeficha.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni tafsiri. Huduma za afya za serikali mjini Sydney zina wakalimani wasiotozwa malipo, na ipo huduma ya taifa ya ukalimani kwa simu. Miongozo inataka mkalimani mwenye taaluma, si mwana wa mgonjwa. Lakini waongeao Kiswahili ni wachache, wakalimani wao ni wachache zaidi, na mkalimani wa Jumanne hospitalini ndiye aketiye safu ya mbele kanisani Jumapili. Basi mama husema hamtaki. Bintiye atatosha, huyu ni wa nyumbani. Daktari mwenye foleni mlangoni hukubali.

Afaa mtu asimame kidogo katika chumba hicho. Daktari anauliza kama mgonjwa husikia sauti. Binti anatafsiri. Sauti hizo zinasema nini? Anatafsiri. Je, amewahi kufikiria kujiua? Kuwadhuru wanawe? Mtoto wa miaka 12 anageuka, anamtazama mama yake, na inampasa amuulize kwa kinywa chake kama amewahi kutaka kumwua. Na kwa maneno gani? Kiswahili chake ni cha jikoni. Gazeti la Dar es Salaam huandika sonona, lakini neno hilo mama wa Fizi hajalisikia. Huzuni ni dogo mno. Wazimu ni kubwa mno, na likitamkwa halirudi. Kwa hiyo binti anachagua, anapunguza, anaruka. Daktari anaandika alichopewa. Kisha mama anajibu neno ambalo binti hatalitafsiri kamwe, kwa daktari wala kwa yeyote.

Hapo penye chumba hicho ndipo methali ya mwosha inapopata mtu wake ugenini. Mkalimani wa taaluma anafungwa na maadili yanayomtaka atunze siri na asipunguze wala asiongeze. Ni mtu mzima, amefunzwa, kazi yake ina saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Akitoka humo hurudi kwake. Kumhofia kwa sababu anafahamika ni kumwogopa mwosha kwa sababu ni jirani, ilhali waosha wote wa vijijini walikuwa majirani. Na pale hofu inapokataa kuisha, ipo simu, na mkalimani aliye Perth au Adelaide hajui mama huyu anaishi mtaa gani. Ni suluhisho lisilo na utukufu wowote. Lakini linamwondoa mtoto chumbani, na hilo ni kubwa kuliko makongamano mengi.

Msaada wenyewe, pale ulipofikiriwa vizuri, huanza kwa swali jepesi. Tangu Januari 2010 sheria ya Norway inawataka watumishi wa afya wazingatie mahitaji ya watoto wadogo wa wagonjwa wao, wakiwemo wagonjwa wa akili na waraibu. Nchini Finland daktari wa akili wa watoto, Tytti Solantaus, alibuni mazungumzo mafupi ambayo tabibu hufanya na mzazi mgonjwa kuhusu watoto wake: wanaendeleaje, wanapenda nini, kipi kinawasumbua, nani mwingine yupo karibu nao. Njia hiyo imefundishwa Australia pia, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa mpango wa taifa wa kuwashughulikia watoto wa wazazi wenye maradhi ya akili. Uzuri wake ni kwamba haimwendei mtoto kumtaka afichue. Humwendea mzazi na kumtendea kama mzazi, mtu ambaye ugonjwa haujamvua wadhifa huo. Kwa Waswahili hili lina faida ambayo huenda wabunifu wake hawakuiwazia: radhi ipo mkononi mwa mama, na mama pekee ndiye awezaye kuifungua. Akisema yeye mwenyewe, "Mwanangu, mwambie mwalimu wako ninaumwa, nimekuruhusu," kifungo kimekatika pasipo mtu kumsaliti mtu. Si kila mzazi ataweza kusema hivyo. Wengine watakuwa wamelewa, wengine hawaamini kwamba wanaumwa, na kwao inabaki kazi ya mwalimu, shangazi, idara. Lakini wanaoweza ni wengi kuliko wanaoulizwa.

Basi achukuliwe tena binti yule, siku ambayo hayumo chumbani. Yuko shuleni, kipindi cha hesabu. Mkalimani yuko kwenye simu, na daktari amemwuliza mama habari za wanawe. Mama amenyamaza, kisha amesema kwa muda mrefu: nani mvivu wa kuamka, nani anapenda mpira, nani siku hizi haongei. Anauliza amwelezeje mkubwa. Anaambiwa mambo matatu: kwamba ni ugonjwa, kwamba binti hakuuleta, na kwamba si yeye wa kuuponya. Jioni, jikoni, anajaribu. Anaanza kwa Kiswahili cha Fizi, anakwama, anatafuta neno la Kiingereza alilolisikia kwa daktari na kulikosea. Binti anataka kumsahihisha, kama alivyozoea. Mama anamwambia angoje, atalipata mwenyewe.